Vigingi Sita vya Mkono wa Shoto

Karakana yetu, Sisibo
Jumapili baada ya kanisa

Fundi,

Nimekalia kigoda chako. Usinigombeze. Changu kilivunjika mguu wiki ya pili baada ya kukuzika, na mpaka leo sijakitengeneza. Ulikuwa ukisema fundi seremala hulala kitanda kilicholegea, nami nikidhani unatania.

Nakuandikia kwa sababu nimevunja ahadi niliyokupa, na sikutaka ulisikie jambo hili kwa mtu mwingine. Najua huko uliko hakuna wa kukusomea. Hata ulipokuwa hai herufi hizi za misheni hukuzijua. Wewe ulisoma za Kiarabu tu, na kila karatasi iliyofika karakana ilipita mdomoni mwangu kwanza. Basi nitaandika, halafu nitakuja kukusomea kwa sauti pale makaburini, kama nilivyokusomea miaka kumi na miwili. Wachunga ng'ombe wakinicheka, wacheke.

Kwanza habari za hapa, maana ulipenda habari ndogo itangulie neno zito.

Sisibo inapanuka, Fundi. Wewe uliikuta ni tope na mahema, ukaja na gari la ng'ombe kutoka Londiani, magurudumu yakizama hadi nusu. Sasa kila wiki kuna nguzo mpya inasimama. Ile stoo ya mahindi karibu na stesheni imekwisha. Wakubwa wa mji wamefungua safu nyingine ya vyumba huku kwetu lokesheni, na watu wanaingia kabla chokaa haijakauka. Yule Kaburu aliyeagiza milango minne alikuja, akachungulia ndani, akauliza, "Mzee Shoto iko wapi?" Nikamwambia umefariki. Akavua kofia, akasimama hivyo kitambo. Kisha akairudisha kofia kichwani, akauliza milango itakuwa tayari lini.

Tangawizi yako imekauka kwenye kopo. Siitii kwenye chai. Nikuambie ukweli, sikuipenda hata siku moja. Nilikunywa kwa sababu wewe ndiye uliyechemsha. Sasa nakunywa chai niitakayo, peke yangu, na haina ladha.

Sikujua kwamba mtu anaweza kukosa hata kugombezwa. Msumari ukipinda nageuza kichwa kungoja sauti yako, na ninachokiona ni randa yako ukutani. Mke wangu Nafula yuko nyumbani Kimilili na watoto, shamba halimwachi, atakuja baada ya mavuno. Jioni nikifunga mlango nabaki na Yesu na panya, na panya ndio wenye kelele.

Na watu bado wananitania, Wekesa anakula kwa kulia anachonga kwa kushoto. Unakumbuka siku ya kwanza ulivyonisimamisha ubavuni mwako? Ulisema anayesimama mbele ya fundi huona uso, anayesimama ubavuni huona kazi. Hukuniambia kuwa una shoto, na mimi nilikuwa mgeni wa kuchonga kwa tezo, nikaishika kama ulivyoishika. Ulipogundua, miezi mitatu ilikuwa imepita na mkono wangu wa kulia haukuitaka tena. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye maranda. Basi hapa Sisibo tukawa wawili. Kigingi tulichochonga sisi kinajulikana hata na kipofu, akipapasa ncha ataukuta mkato mrefu umelala upande ambao mafundi wengine huweka mkato mfupi.

Sasa nimebaki mimi tu.

Siku ya mazishi wenzako wa msikitini walikubeba, nami nikafuata nyuma. Waliniruhusu kutupa udongo kwa mkono, na nikatupa kwa mkono wetu. Mmoja wao akasema mbele ya watu wote, "Mtu wa haki yule. Hakupindisha hata ubao." Wote wakaitikia. Mimi nikatazama viatu vyangu, kwa sababu siku nane kabla ya hapo ulikuwa umeniambia neno zito la Fungu Refu, kisiwani kwenu.

Kisiwa chenu nilikuwa nimekisikia tangu zamani. Mimi sijaiona bahari, nawe ulichoka na maswali yangu ya kijinga, ndipo alasiri moja ukanieleza kwa maranda. Ulikusanya unga wa msumeno juu ya meza ukaufanya tuta refu, jembamba. Ukasema, hiki ndicho kisiwa chetu, mchanga mtupu, hakuna jiwe chini yake. Upande huu bahari kuu inapiga, upande huu maji yametulia na kuna mikoko. Katikati ukaweka kiberiti, ukasema huu ni msikiti, na kizibo cha chupa, ukasema hiki ni kisima cha maji matamu. Kisha ukachomeka nyuzi za katani juu ya tuta upande wa bahari kuu, moja moja, kwa subira ya mtu anayepanda mboga. Ukasema haya ni majani yanayotambaa na vichaka vya mbele, hakuna anayevipanda na hakuna anayeruhusiwa kuvikata. Ukanitaka nipulize. Nikapuliza, tuta likatikisika likabaki. Ukang'oa nyuzi, ukaniambia puliza tena. Unga wote ukaruka ukafunika kizibo na kiberiti, mwingine ukaniingia puani.

"Umeona?" ukasema. "Basi hayo ndiyo majirani wanaotukinga na bahari."

Ukaniambia pia desturi yenu ya vigingi. Kila mwaka, bahari ikijaa bamvua kubwa kuliko zote, mtunza vigingi hutembea pwani nzima na watu wake, akapiga kigingi pale maji yalipofika. Safu ya pili hupigwa hatua arobaini juu yake, nayo hupimwa upya vigingi vyake vikioza tu. Kati ya safu hizo mbili mtu hajengi, hakati kuni, hafungi mbuzi. Anayetaka nyumba humwita mtunza vigingi kwanza, ndipo huita fundi. Na mtunza vigingi alikuwa baba yako, Mzee Bakari.

Desturi hiyo ukaja nayo hapa, katika nchi isiyo na bahari. Nilidhani ni mazoea ya uzee tu. Kila mwaka mvua kubwa zikipungua ulinichukua tukashuka mpaka mto Sosiani, ukapiga kigingi cha mti wa mtarakwa pale maji yalipokomea, ukapanda juu ukihesabu hatua. Watu wa lokesheni walisema mzee wa pwani anaogopa kijito. Hukubishana nao. Ila mtu akijenga chini ya kigingi chako, hukumtilia mlango. Mama Rispa alikaa na gunia mlangoni mwezi mzima akikulaani, mpaka akahamisha miti yake akajenga juu. Siku hiyo hiyo ukampelekea mlango, na ulikuwa mzuri kuliko ya Makaburu.

Sasa nifike pale.

Ulikuwa umelala hapa nyuma ya karakana, mchana, mvua ya mawe ikipiga mabati hata nikalazimika kuinama ndipo nikusikie. Uligeukia ukuta. Ulisema, "Nilivisogeza mimi, Wekesa." Sikuelewa. Ukaniambia polepole.

Ulikuwa kijana, na Mzungu mmoja akaja Fungu Refu akitaka nyumba inayotazama bahari kuu. Ilikuwa kazi yako ya kwanza kubwa. Baba yako akaenda akapima, akasema mahali pale haiwezekani, arudi nyuma hatua ishirini. Mzungu akasema akirudi nyuma hataiona bahari, atatafuta fundi mwingine. Basi Ijumaa, watu wote wakiwa msikitini, ulikwenda ukang'oa vigingi sita vya safu ya pili ukavisogeza mbele. Vya zamani vilivunjika ukiving'oa, ukachonga vipya. Kisha ukajenga. Vichaka vya mbele ukavikata mwenyewe, ukavitia kwenye tanuri la kuchomea chokaa ya nyumba hiyo hiyo.

Ukasema kusi la kwanza, ule upepo wa kusini, mchanga ulianza kutembea. La pili ukafika kisimani. La tatu kisima kikafukiwa, na nyumba ya Mzungu ikapasuka katikati. Watu wakaenda kuvitazama vigingi, wakakuta vimesogezwa, nao walijua mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuvigusa. Wakasema Mzee Bakari amekula hongo. Walimvua utunzaji mbele ya msikiti. Na wewe ulisimama pale ukatazama, na kesho yake ukaondoka na misafara ya bara, hukurudi tena.

Hukulia uliponiambia. Ningependa ungelia. Ulisema, "Neno hili nimekupa likae, si litembee. Niache nife na jina langu." Nikakushika mkono, ule wa shoto, nikasema, litakaa, Fundi.

Nilikuwa nasema kweli wakati huo.

Arobaini yako ilipokwisha, Juma wa reli, yule mtu wa pwani anayelisha moto garimoshi, alileta barua. Ilikuwa na jina lako juu. Nilikaa nayo mkononi nikitaka kukuita uje usikilize, kisha nikakumbuka. Nikaifungua nikaisoma kwa sauti mbele ya kigoda chako kitupu. Ilikuwa ya dada yako, Bi Zena, ameandikiwa na mwalimu wa shule. Alisikia kwa Juma kwamba uko hai huku bara. Hakujua kwamba umeshakufa. Habari zako zilikuwa zimemfikia zikiwa zimechelewa.

Aliandika kwamba kampuni fulani inataka kujenga safu ya nyumba za mapumziko pale mbele kabisa, kwa ajili ya Wazungu wa bara wanaotaka kupunga upepo. Wazungu wetu hawa, Fundi, wanaotuagiza madirisha. Nilidhani dada yako atakuwa anakataa kila kitu, kama wazee wanavyofanya. Kumbe sivyo. Alisema: "Kisiwa kimejaa watu. Watoto wanaoa, vijana wanataka kazi, na mimi siwalaumu. Wajenge. Lakini wajenge nyuma ya vigingi." Tatizo ni kwamba hakuna anayeviheshimu tena. Kila akivitaja kwenye baraza anajibiwa kwamba vigingi ni uongo wa ukoo wake, baba yake mwenyewe alivisogeza kwa hongo. DC atakuja Fungu Refu mwishoni mwa Juni kusikiliza pande zote na kukata shauri. Akakuomba wewe, mwanamume pekee aliyebaki wa nyumba ile, uandike neno lolote la kumtetea baba yako.

Neno lolote! Nami nilikuwa nalo, limefungwa kinywani.

Niliitia barua ndani ya kisanduku, chini ya tezo yako, nikafanya kama haikuja. Nikaendelea na milango ya Kaburu. Nikakata ubao mfupi, nikakata mwingine mfupi. Kwa siku tano sikumjibu hata Juma salamu, maana alikuwa akiuliza majibu kila anapopita. Nikaja kaburini kwako nikakaa. Nilikuuliza nifanye nini na hukunijibu, na nikakasirika, nikaondoka bila kuaga. Samahani kwa hilo.

Sikuwa na wa kumwuliza. Ningemwuliza mchungaji, ningekuwa tayari nimesema. Ningemwuliza Nafula, angesomewa barua yangu na mtu mwingine kule nyumbani, na neno lingekuwa limetembea. Upweke niliokuwa nao kabla ya hapo ulikuwa wa kukukosa. Huu ulikuwa mwingine, wa kuwa mtu mmoja duniani anayejua kitu. Nikaona wewe uliishi nao tangu ujana wako, ukichekacheka na kuchemsha tangawizi, na mimi siku tano tu zimenishinda.

Nilijiambia, jina ndilo kitu pekee Fundi alichoacha. Hana mke, hana mtoto. Amebaki "mtu wa haki yule" na mimi nataka kulifuta. Tena mimi ni nani? Mbukusu wa misheni, sijapata kunusa bahari, nisimame kwenye baraza la wazee wa pwani kwa karatasi nimwaibishe mtoto wao? Siku ya sita niliandika barua. Nikaandika kwamba vigingi vilisogezwa na kibarua mmoja, jina lake limesahaulika. Ilikuwa barua nzuri, mwandiko safi. Nikaisoma kwa sauti, na nilipofika kwa yule kibarua nikaacha kusoma, kwa sababu umenifundisha kwamba kiungo kisichokaa hakikai, hata ukipaka gundi. Nikaichana.

Kisha mvua za Mei zikaja. Hujaziona mvua kama zile, au labda uliziona kabla sijafika. Sosiani ukapanda asubuhi moja ukawa rangi ya chai ya maziwa, ukachukua choo cha lokesheni, ukachukua vibanda vinne vilivyojengwa chini mwaka huu baada ya wewe kuugua, wakati hapakuwa na mtu wa kuwanyima milango. Mimi ndiye niliyewatilia, Fundi. Nilikuwa nimeambiwa na kila mtu kwamba vigingi ni wazimu wa mzee, nami nilitaka kazi, nikatia milango minne. Nilisimama nikauona mmoja wa milango hiyo ukielea kwenda zake, bawaba zikimeta. Watu walitoka salama, namshukuru Mungu, ila kuku na blanketi na kila kitu kikaenda.

Maji yalikomea kidogo tu chini ya kigingi chako cha mwisho. Mama Rispa alikuwa amesimama mlangoni kwake, ameshika ule mlango mzuri kwa mkono mmoja. Akaniambia, "Huyo mzee wako wa shoto nilimtukana mpaka mama yake. Ona sasa. Mimi nimekauka." Akaanza kulia, kisha akaniuliza kwa nini wale wengine sikuwaambia walipojenga.

Nilirudi karakana nimelowa hadi kwenye mifupa. Nikaelewa kitu ambacho ningepaswa kukielewa tangu zamani. Vigingi vyako hapa watu wataviamini kwa sababu wewe ni mtu wa haki. Vya baba yako kule hawaviamini, na sababu ni wewe pia. Jina lako nililokuwa nikilitunza hapa lilikuwa limekalia jina la baba yako kule, na chini yake kuna kisima, na msikiti, na watoto. Wewe ulitaka kufa na jina lako. Ukafa nalo. Mimi sikuahidi kuzika kisiwa pamoja nawe.

Basi nikaandika, kabla hata sijabadilisha nguo. Nikaandika kwamba aliyesogeza vigingi ni Athmani bin Bakari, mwanawe, siku ya Ijumaa, na kwamba aliniambia kwa kinywa chake akiwa anakufa. Nikaandika kwamba umefariki, na tarehe, na kwamba ulizikwa vizuri. Nikaandika pia, kwa sababu sikuweza kuliacha, kwamba huku bara ulipiga vigingi kando ya mto kila mwaka wa maisha yako, na kwamba vimemwokoa mtu. Nikatia jina langu lote. Juma akaichukua. Treni ilipoondoka nilitamani kuikimbilia.

Tangu siku hiyo sikuweza kukaa kwenye kigoda chako. Nilichonga nimesimama, Juni nzima, mpaka Julai.

Jibu lilifika juma lililopita, ndipo leo nakaa.

Bi Zena anasema alikulilia siku tatu, kisha akaenda barazani na barua. Mwalimu akaisoma mbele ya DC na wazee wote. Kisha mzee mmoja akasimama akasema, hii ni karatasi ya mtu wa bara tusiyemjua, maiti hawezi kuulizwa, nani atajua kama ni kweli? Ndipo Bi Zena akafungua jamvi alilokuja nalo kwapani. Akatoa vigingi sita, vikuukuu, vimeliwa na chumvi, akavilaza chini mbele ya miguu ya DC, ncha zikiwatazama wazee. Wakainama mmoja mmoja wakazitazama ncha. Na Fungu Refu nzima, anasema, haijapata kuwa na fundi mwingine wa shoto.

Fundi, unaelewa nakuambia nini?

Baba yako alijua. Siku watu walipokuta vimesogezwa alikwenda mwenyewe nyuma yao, akaving'oa vile vigingi, akaona mkato. Yeye ndiye aliyejaribu kukuvunja hilo shoto ukiwa mdogo akashindwa, angekosaje kuujua mkono wako? Akaviviringisha kwenye jamvi akavisukuma chini ya kitanda chake. Walipomsimamisha mbele ya msikiti, jibu lilikuwa chini ya kitanda chake, hatua chache kutoka pale, na hakulitoa. Ulipokuwa umesimama unamtazama, alikuwa anajua. Alikuwa anangoja, anasema dada yako, useme mwenyewe. Na usiposema, basi. Bi Zena alimwapia asivitoe kabla neno halijatoka kwako, ndiyo maana alikuomba uandike.

Kila mtu aliyetoka bara aliulizwa na mzee yule kama amemwona fundi mwenye shoto. Alikufa akiwa bado anauliza. Na neno aliloacha kwa ajili yako, ukirudi, si la msamaha wala si la laana. Alisema: "Mwambieni Athmani ncha zake ni ndefu mno. Kwenye mchanga zitavunjika."

Nilicheka niliposoma hapo. Nilicheka kwa sauti hapa peke yangu, kwa sababu hilo ndilo neno ulilonigombezea kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na miwili. Fupisha ncha, Wekesa. Ncha fupi. Kisha nikalia, na nikakukasirikia sana. Nina hasira nawe mpaka sasa, nakuambia waziwazi. Ungepanda treni! Reli ilikuwa hapo mlangoni. Ungeshuka, ukatembea mpaka kwake, ukasema maneno mawili uliyoniambia mimi umegeukia ukuta, na yeye angekujibu habari ya ncha, mngekunywa tangawizi. Ulibeba mzigo ambao baba yako mwenyewe alikuwa ameshautua. Uliogopa mtu aliyekuwa anakungoja.

DC amesema bamvua ijayo safu zote mbili zipimwe upya mbele yake, na kampuni ijenge nyuma ya safu ya pili au isijenge. Imekubali kurudi nyuma. Vijana watapata kazi yao. Bi Zena hana furaha sana, anasema safari hii wamerudi, mwaka kesho watakuja wengine na watataka mbele tena, na yeye ni mzee. Lakini jina la Mzee Bakari limesomwa msikitini Ijumaa, palepale alipovuliwa. Na la kwako wamelisoma baada ya lake, wakakuombea. Sikulitegemea hilo.

Mwisho wa barua ameniomba kitu. Vile sita vya zamani haviwezi kupigwa tena, vimeoza. Anasema wewe hupo, lakini nimemwandikia kwamba ulinifundisha mkono. Je, ninaweza kuwachongea sita vipya, vya shoto, vikapigwe pale pale ulipoving'oa?

Nimevichonga juma zima. Mtarakwa mwekundu, ule uliokuwa ukiuficha nyuma ya mbao za Kaburu. Milango yake itachelewa, na akija kuuliza nitavua kofia nisimame kitambo.

Wale wanne waliopoteza vibanda nimewapa milango mipya, ila nimewapimia kwanza. Nitafanya hivyo kila mwaka mvua zikipungua, nitashuka Sosiani nipige kigingi na kuhesabu hatua, na atakayejenga chini yake atakaa na gunia, hata akinilaani kama Mama Rispa. Na Nafula akija nitamwachia karakana wiki mbili, nipande treni ya Juma mpaka mwisho wa reli, nikaione hiyo bahari, nikamsalimie Bi Zena, nikakae kidogo kwenye kaburi la baba yako. Safari ile uliyoiogopa nitaiendea mimi. Nakuahidi, na ahadi hii siivunji.

Kwaheri, Fundi wangu. Lala. Vigingi viko hapa mlangoni, vimefungwa kwa kamba ya katani, vinangoja treni ya Jumanne.

Ncha nimezifupisha.

Wekesa wako